Dakika Kumi na Moja

Zamda alitangulia. Nesi wa Amana akaandika saa,
akaanza kukunja mashuka,
na dakika kumi na moja baadaye nikatoka mimi,
ambaye hakuna aliyenitazamia: Sikudhani.
Yeye kurwa, mimi doto.
Miaka arobaini na nne sasa ananituma maji.

Yeye anaendesha treni ya umeme, Dar hadi Dodoma.
Mimi natengeneza saa Mtaa wa Swahili,
lenzi jichoni, kibano mkononi,
nyuma ya kioo chenye ufa niliouziba kwa stika ya vocha.
Mwanawe Shamte, kidato cha sita, alikuja na daftari:
Mama mdogo, anayekwenda mbio saa yake huchelewa.
Betri, nikamwambia. Au vumbi.

Si saa peke yake. Na moyo. Na kucha. Na wali jikoni.
Vyote vinachelewa pamoja,
ndiyo maana aliye ndani haoni kitu.

Akageuza risiti yangu, akamrusha mama yake nyotani
kwa sehemu nne kati ya tano za mwendo wa nuru:
miaka kumi kwenda, kumi kurudi,
kwa kalenda yangu ya ukutani.
Mimi nitakuwa na sitini na nne, fizi zinaachia meno.
Yeye atashuka na hamsini na sita,
kahesabu kumi na miwili tu.

Doto kawa dada.

Nikaweka kibano chini. Ngoja kwanza.
Yeye dirishani si ataona Kariakoo ndiyo inayokimbia,
na mimi na meza yangu na chupa ya chai?
Akisema mimi ndiye niliyeondoka, nani wa kumsuta?

Shamte akajimiminia chai yangu.
Mkiwa mnaachana, kila mmoja ana haki
ya kumwona mwenzake mchelewa.
Lakini ili mkutane, mmoja lazima ageuze.
Ni mama aliyefunga breki. Ni chai ya mama iliyomwagika.
Yako haikutikisika.
Na si breki iliyokula miaka, mama mdogo;
breki inatuonyesha tu njia ya nani ina kona.
Barabarani mwenye kona ndiye anayetembea zaidi.
Kwenye saa ni kinyume:
aliyenyooka ndiye anayezeeka zaidi.

Nikanyamaza.
Nilijiona najua saa, sisi tunaotazama nane
tukasema mbili, wala hatukuni kichwa.
Lakini ile ni tofauti ya kusoma.
Hii ni ya kwenda.

Na treni? nikauliza, maana nilishaanza kutamani.
Akakokotoa mpaka nyuma ya risiti ya pili.
Kwa mwendo ule wa reli, ili mama azile
dakika zake kumi na moja,
angeendesha zaidi ya miaka bilioni nane, bila likizo.

Halafu akasita, akauma kalamu.
Na hata hivyo asingezila. Dodoma iko juu,
na juu saa huenda haraka kuliko huku pwani.
Ni kidogo, sekunde umeikata bilioni ukaokota vipande vichache,
lakini inazidi kile mwendo unachopunguza.
Kila akilala kule, anarudi
kakuzidi ukubwa.

Jumamosi usiku Zamda akapita na sare yake,
viatu mkononi, miguu imevimba.
Saa imesimama tangu Kilosa, akasema, itazame.
Nikaifungua. Betri.
Nikaweka mpya, nikailinganisha na yangu,
mshale wa sekunde ukashtuka, ukaanza.
Nilimtazama usoni kutafuta vile vipande.
Mkunjo mmoja, kando ya jicho la kushoto; labda na mimi ninao.

Nini? akauliza.
Hamna.
Basi mdogo wangu, niletee maji.

Nikaenda kuyaleta, bila ubishi.